Maji ya Tajabad

Siku ya ishirini na mbili ya mazungumzo ya reli, Mirza Abutaleb alikuwa amechoka hadi kope. Magoti yalimuuma kwa kukalia kiti cha Kizungu, koo lilikuwa limemkauka kwa kutafsiri, na usiku uliopita mkewe alimwambia kwamba siku hizi anakoroma kwa Kifaransa. Alikuwa na miaka hamsini na minane. Thelathini na mmoja kati ya hiyo aliimalizia katika Wizara ya Mambo ya Nje mjini Tehran, akiwapa mawaziri maneno ya mabalozi na akiwapa mabalozi maneno ya mawaziri. Mawaziri kumi na saba walikuwa wamekuja na kuondoka, yeye yupo tu, na joho lake lile lile la kijivu.

Reli yenyewe ilikuwa bado hewani. Haikuwa na taruma hata moja. Ilikuwa mstari mwekundu kwenye ramani, umetoka mpaka wa Warusi kule kaskazini, umepita Tehran, Isfahan, Nain, Yazd na Kerman, ukateremka kuelekea baharini ili ukakutane na reli za Hindi. Mabwana wakubwa wa London na Petersburg walitaka mtu apande behewa Ulaya na kushuka Hindi bila kulowa. Waajemi, ambao ndio wenye ardhi ya kukanyagwa, waliulizwa mwisho kabisa. Na hata huko kuulizwa, jamani, kulikuwa kuulizwa gani? Bunge lilikuwa limefungwa miezi michache tu iliyopita, askari wa Kirusi walikuwa wakiota jua Tabriz na Qazvin, na waziri aliambiwa aketi, asikilize, kisha agonge mhuri.

Mezani walikuwa watatu wa kusikilizwa. Mrusi aliitwa Karpovich, injinia mnene aliyekulia Tiflis na aliyekijua Kiajemi mpaka matusi yake, ingawa mikutanoni alijifanya hakijui. Mwingereza aliitwa Thurlow, mrefu, mwekundu shingoni, mwenye miezi mitano tu nchini. Wa tatu alikuwa Mfaransa wa mabenki, ambaye kazi yake kubwa ilikuwa kutazama saa. Wote walizungumza Kifaransa. Waziri hakukijua Kifaransa, au alisema hakijui, na hivyo kila neno lilipitia mdomoni mwa Mirza.

Siku tisa nzima zilikwenda kwa upana wa reli. Mrusi alitaka reli iwe pana kama za kwao mpaka mwisho. Mwingereza hakutaka hata kusikia, kwa sababu reli ya upana mmoja ingeweza kubeba zabibu kavu leo na kesho ikabeba wanajeshi wa Kirusi hadi mlangoni kwa Hindi. Kwa hiyo alitaka mahali fulani jangwani upana ubadilike, abiria washuke, mizigo ishushwe, kila mtu apande treni nyingine. Walibishania mahali hapo kama wake wenza wanaobishania chumba. Mirza alitafsiri yote, na waziri alizungusha tasbihi na kusinzia.

Sasa, mtu anaweza kusema karani kama huyu reli inamhusu nini. Ilimhusu, tena sana. Dada yake wa pekee, Golandam, aliolewa Tajabad, kijiji cha nyumba sitini pembeni mwa jangwa, upande wa Nain. Tajabad haina mto, haina mvua ya kuaminika. Ina mfereji mmoja wa chini ya ardhi, ambao wazee wa wazee wao waliuchimba kutoka kwenye kisima kikuu chini ya mlima, mwendo wa karibu saa tano kwa miguu, ukipita gizani mpaka unapochomoza kijijini na kumwagilia makomamanga, ngano na midomo ya watu. Mume wa Golandam, Fundi Ramezan, ndiye aliyeutunza mfereji huo. Kila mwaka baridi ikiisha alishuka humo na wenzake kuzoa matope, amevaa nguo nyeupe kama mafundi wote wa mifereji, ili paa likiwaangukia wawe wameshavaa sanda.

Masika ya mwaka huo wapimaji wa reli walipita Tajabad na kupigilia kigingi chenye rangi nyeupe kando ya kile kisima kikuu. Mkalimani wao akawaeleza wanakijiji kwamba hapo patakuwa na kituo kikubwa, na vichwa vya treni vinakunywa maji mengi kuliko ngamia elfu, kwa hiyo maji ya kisima yatapelekwa kwenye tangi la kituo. Akawapongeza kwa kupata treni. Wanakijiji walikaa msikitini siku mbili wakijadili, halafu wakamtuma Fundi Ramezan Tehran kwa sababu shemeji yake ni mtu mkubwa wizarani. Huko kijijini kila anayejua kuandika ni mtu mkubwa.

Ramezan alifika baada ya siku kumi na saba za msafara, akateremsha uani kwa Mirza gunia la makomamanga yaliyokwisha kunyauka. Hakujua kukaa bure. Siku ya pili alishuka kwenye tangi la maji la nyumba akalisafisha, siku ya tatu akasafisha la jirani, na mtaa mzima ukaanza kumwomba. Jioni, wakila mchuzi wa nyama na mbaazi, ndipo alipoyasema ya moyoni.

"Shemeji, mimi mtu wa udongo, ya maofisini siyajui. Nakuomba uwaambie hao watu wasogeze kigingi chao. Wakichukua maji, Tajabad imekwisha. Golandam amesema nikirudi bila jibu nisimwambie kitu, nipite tu nikalale."

Mirza alimwambia haikuwa rahisi hivyo. Mkalimani anayejiombea lake katikati ya mkutano anafukuzwa kesho yake, tena kwa haki, maana nani atamwamini tena? Akamweleza kwamba ramani aliiona kwa macho yake, na kwamba Karpovich mwenyewe alisema siku ya tatu kuwa kituo kingeweza kuwekwa farsakhi mbili kaskazini, mwendo wa kama saa mbili kwa miguu, kwenye magofu ya nyumba ya misafara yenye birika kubwa la zamani ambalo halimnyweshi mtu. Kwake yeye yalikuwa yale yale, kaskazini au kusini. Kilichotakiwa ni mstari mdogo wa penseli tu.

"Kwa hiyo unahitaji nini?" Ramezan aliuliza.

"Nahitaji kuulizwa," Mirza akasema. "Wakiniuliza wao, nitasema."

Ramezan aliitikia kwa kichwa, akaelewa. Angekuwa ni yeye angefanya hivyo hivyo. Watu wa kule hawaingii ndani ya nyumba hata ya ndugu mpaka wamebembelezwa, hawapokei chai mpaka wameikataa, na mwenye duka ukimuuliza bei atakwambia chukua tu, kitu chenyewe hakina thamani mbele yako, na ole wako uchukue kweli. Neno la kwanza ni la adabu. La pili ni la adabu pia. La tatu ndilo watu wanalolisikiliza.

Nafasi ya kuulizwa ilijitokeza siku ya kumi na tano. Walikuwa wamefika kwenye kifungu cha ardhi ya pembeni mwa reli, waziri anasinzia kama kawaida yake, na Thurlow uvumilivu ukamwishia. Alisema kwa Kifaransa chake cha kuchechemea, "Mwambieni huyo mzee aamke. Reli itajengwa akitaka asitake." Mfaransa alisahau saa yake. Waziri akafumbua macho na kumtazama Mirza, akingoja.

Mirza hakusita hata nukta moja. "Bwana Thurlow anasema," akatafsiri, "kwamba kazi hii bila baraka ya Mheshimiwa haiwezi kuwa na heri, na kwamba yeye yuko tayari kulisubiri neno lako hata mwaka mzima."

Waziri alifurahi hadi masikioni. Alisema Waingereza nao siku hizi wamejifunza kusema na watu, na kifungu kikapita pale pale. Karpovich aliinamisha kichwa akicheka ndani ya masharubu yake, na walipokuwa wakishuka ngazi alimsimulia Thurlow kila kitu. Basi jioni ile Thurlow akamsubiri Mirza barazani, kofia mkononi. Alisema amejua alichofanyiwa, na kwamba angevuruga kazi ya mwaka mzima kwa sentensi moja. Mirza akajibu halikuwa jambo. Thurlow akasema lilikuwa jambo, na kwamba siku ya mwisho, watakapofanya masahihisho madogo ya ramani, atamuuliza mbele ya wote kama kuna kitu angependa kiangaliwe. Sehemu yote kuanzia Isfahan kwenda baharini ilikuwa chini ya penseli yake, hakuna ambaye angepinga.

Mirza alikwenda nyumbani akitembea kama kijana. Alimwambia Ramezan, "Nimeahidiwa kuulizwa." Ramezan akamshika mkono akaubusu, jambo lililomtia Mirza aibu, na wote wawili wakalala wakiwa na furaha. Kwa siku sita zilizofuata Mirza alipanga maneno yake. Neno la kwanza lingekuwa la kukataa, bila shaka, kwani mbele ya waziri mtu mzima harukii kitu kama paka. La pili lingekuwa laini zaidi, lenye mlango ulioachwa wazi kidogo. La tatu angesema, kwa kuwa Mheshimiwa ameniamuru, basi kuna kijiji kidogo. Aliyarudia njiani, bafuni kwenye maji ya moto, hata kwenye sala, Mungu amsamehe.

Siku ya ishirini na mbili, basi, ndiyo ilikuwa ya mwisho. Joto lilikuwa limeanza, madirisha yalikuwa wazi, na vumbi la uani liliingia na kukaa juu ya ramani. Waliyapitia masahihisho moja baada ya moja. Daraja hapa, kona kule, kaburi la mtakatifu fulani likwepwe. Kila mtu alikuwa hoi. Mfaransa alikuwa ameshaagiza farasi wake. Mirza aliona kiduara cha Tajabad kikiwa kimezungushiwa penseli ya buluu, kidogo kuliko kucha ya mtoto.

Walipomaliza orodha, Thurlow akakumbuka ahadi yake. Mirza hatamnyima haki hiyo, mtu yule alikumbuka. Alichukua penseli, akaishika juu ya ramani, akamgeukia na kusema polepole ili asikose:

"Mirza, umetufanyia kazi kubwa. Kuna lolote katika ramani hii ambalo wewe mwenyewe ungependa libadilishwe?"

Waziri aliacha kuzungusha tasbihi, akageuka kutazama. Mirza akasimama, akaweka mkono kifuani, akainama.

"Mimi ni vumbi la miguu yenu," alisema. "Nina nini mimi cha kutaka? Kilichowapendeza waheshimiwa kimenipendeza na mimi."

Akabaki ameinama hivyo, akingoja swali la pili.

"Vizuri," akasema Thurlow, na akaiweka penseli chini.

Mirza aliinua kichwa. Kwanza alidhani Mwingereza anavuta pumzi. Huwa hivyo, mtu huweka kitu chini, huvuta pumzi, kisha husema, lakini Mirza, tafadhali, nasisitiza. Alimtazama usoni kwa hamu ambayo hata kipofu angeiona. Thurlow akamtabasamia kwa upole wa kweli na kuanza kuikunja ramani. Mirza akamtazama waziri. Waziri alikuwa akimtazama kwa kuridhika, kama mtu aliyeona karani wake amejibu kwa adabu mbele ya wageni. Akamtazama Karpovich. Karpovich alijua. Alikuwa amekulia miongoni mwa watu wanaokataa mara tatu, na mbele yake alimwona mtu aliyekataa mara moja na kusimama pale na mdomo nusu wazi. Angeweza kusema, kwa utani tu, muulize tena, Thurlow. Alimkazia Mirza macho kwa muda, halafu akawasha sigara na kuuliza kama chakula cha mchana kipo au hakipo.

Na kwa nini Mirza hakusema mwenyewe? Watu wa mbali watauliza hivyo. Alikuwa na ulimi, alikuwa na Kifaransa, alikuwa na hatua mbili tu kati yake na penseli. Lakini ameshasema hataki kitu. Kurudi na kusema nilichosema si kweli, mimi nataka, mbele ya waziri, bila kuulizwa, ni sawa na kuvua nguo mezani. Hata leo hajui watu wengine wanafanyaje. Miaka hamsini na minane alifundishwa jinsi ya kungoja neno la tatu, na hakuna aliyewahi kumfundisha afanye nini lisipokuja hata la pili. Akaona waziri akitoa mhuri wake mfukoni, akiupulizia pumzi, akiupaka wino na kuukandamiza kwenye karatasi. Ikawa imekwisha.

Aliwafuata hadi uani. Alijiambia kwamba huko nje, pembeni, mtu kwa mtu, atasema. Thurlow alikuwa ameshaweka mguu kwenye kidato cha gari la farasi, maana alikuwa akienda moja kwa moja bandari ya Enzeli kupanda meli. Alipomwona akashuka tena na kumpa mkono.

"Nakwambia ukweli, Mirza. Tangu nifike mji huu kila mtu ameniomba kitu. Mawaziri, makuhani, wauza mazulia, kila mtu. Wewe ndiye pekee ambaye hukuniomba chochote, hata nilipokuuliza. Nitaliandika hilo London."

Macho yake yalikuwa na unyevu kidogo. Mirza alimtazama mtu yule, na maneno yote aliyoyapanga kwa siku sita yalikuwepo, yamepangana, yanasubiri. Akainama.

"Mkono wako usiumie, Bwana," akasema, kama watu wa kule wanavyoshukuru.

Gari likaondoka. Mirza alisimama uani mpaka mlinzi akaja kumuuliza kama anaumwa. Alisema ni jua tu.

Nyumbani Ramezan alikuwa ameoga, amevaa shati safi, amekaa kando ya kidimbwi cha uani kama bwana harusi. Alipomwona shemeji yake akiingia hakuuliza kitu, aliondoa tu miguu majini. Mirza akaketi karibu naye bila kuvua viatu. Mkewe alileta chai, na hakuna aliyeigusa.

"Hawakukuuliza," Ramezan alisema mwishowe.

"Waliniuliza."

"Wakakataa?"

"Hapana. Aliniuliza mbele ya waziri, penseli mkononi. Nikasema sitaki kitu."

"Haya. Na mara ya pili?"

"Hakukuwa na mara ya pili."

Mirza alingoja matusi, na kweli aliyataka. Alitaka shemeji yake asimame, amwambie umeuza maji ya dada yako kwa kuinama, amtemee mate hata. Badala yake Ramezan alichukua kibonge cha sukari, akakiweka kati ya meno, akanywa chai iliyokwisha kupoa, na kusema kwa sauti ya mtu aliyechoka:

"Mara moja? Hiyo nayo ni kuuliza? Sasa ungefanyaje, shemeji? Usingeweza kitu."

Hapo ndipo Mirza alipolia. Alilia mbele ya mkewe na mbele ya mgeni, bila kujificha, kwa sababu kusamehewa kule kulimuuma kuliko tusi. Ramezan alimpapasa bega na kumwambia nyamaza, nyamaza, wewe umefanya ulivyoweza. Kesho yake alfajiri akafunga gunia lake tupu na kwenda kutafuta msafara.

Yaliyofuata Mirza aliyapata kwa barua moja moja, kila baada ya miezi mingi. Ramezan alifikisha habari, na baridi ilipoisha akawaita wenye zamu za maji kwa kazi ya kuzoa matope kama kila mwaka. Hawakutoka. Walimuuliza kwa nini wavunje migongo yao kumsafishia Mrusi maji. Aliwabembeleza, akashuka na wazee wawili tu, wakafanya robo ya kazi. Mwaka wa pili hakushuka mtu. Familia kumi na moja zikahamia Yazd, nyingine Isfahan, wakisema heri kuondoka na mbuzi wakiwa hai. Masika ile mvua ilikuja kwa ghafla mlimani, ikaingia kwenye mashimo ya mfereji, na matope yaliyokuwa hayakuzolewa yakaziba. Sehemu ndefu ya paa ikaporomoka. Kwa bahati hapakuwa na mtu ndani.

Mwaka huo huo, kiangazi, vita ikalipuka Ulaya. Wizarani mabalozi walikuja mbio na kuondoka mbio, na reli haikutajwa tena na mtu. Mfaransa alikwenda vitani. Kampuni ya reli ikavunjwa kwa karatasi ya mistari minne. Siku moja mkuu wa masijala alimwambia Mirza achukue mafaili ya reli na ramani zake ayateremshe stoo ya chini, yanajaza kabati bure. Mirza aliyateremsha kwa safari tatu, kwa magoti yake yale. Safari ya mwisho aliifungua ramani sakafuni na kuangalia mstari mwekundu. Hapakuwa na treni wala kituo. Hapakuwa hata na kile kigingi cheupe, kwani barua ilisema mchungaji mmoja alikwisha kuking'oa siku nyingi akakichoma kuni.

Alipanda juu na kuandika barua kwa haraka, mwandiko wake mzuri ukienda upande. Aliandika kwamba reli haiji, kwamba imekufa, kwamba maji ni yao, wayasafishe, wayafungue, waite watu warudi. Alimpa mpanda farasi wa posta aliyekuwa akielekea Isfahan, akamsihi mara tatu. Kisha akaanza kuhesabu siku za kungoja jibu.

Jibu lilifika kabla barua haijafika. Alasiri moja ya mwezi wa kwanza wa baridi, Mirza akiwa ndiyo kwanza ametoka kazini, mlango uligongwa kwa ile pete ya chuma wanayotumia wageni wa kike. Alifungua mwenyewe. Golandam alisimama nje na mabinti wawili, na furushi moja la nguo. Vumbi lilikuwa limewaingia mpaka kwenye nyusi. Ramezan hakuwapo, alikuwa amebaki Yazd kutafuta kazi kwenye mifereji ya watu wengine.

Mirza alimtazama dada yake. Katika miaka thelathini ya ndoa alikuwa amekuja Tehran mara mbili, na mara zote mbili walisimama pale pale mlangoni kwa muda mrefu, yeye akimsihi aingie na Golandam akisema sitaki kukusumbueni, tutalala msafarani, watoto ni wachafu, mpaka majirani wakacheka. Ilikuwa sehemu ya furaha ya kuonana. Basi akaweka mkono kifuani kama zamani.

"Dada, karibu. Nyumba hii ni yako. Tumekuweka juu ya macho yetu."

Maneno ya mara ya pili na ya mara ya tatu yalikuwa tayari mdomoni. Golandam hakumtazama usoni. Aliliinua furushi, akampita begani, akaingia ndani kwa neno la kwanza, na mabinti zake wakamfuata.

"Nionyeshe mahali pa kulala, kaka," alisema akiwa ameshampa mgongo. "Tumechoka."